Lugha za Programu na Kazi Zake: Mifano ya Kilosa na Mikumi

Wataalamu wa kompyuta hushindana sana juu ya lugha iliyo bora ya kuandikia programu. Mabishano hayo si mageni kwetu. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, hakikuchaguliwa kwa kuwa ni kitamu kuliko Kimvita, bali kwa kazi iliyokikabili na jinsi kilivyokwisha kuenea bara.

Tutazame Kilosa, ambako treni za umeme ziendazo Dodoma zapita tangu mwaka 2024. Katika reli za mwendo kasi, programu hulinganisha mwendo wa treni na umbali ulio wazi mbele yake. Dereva akizidisha, breki hujifunga. Kosa la hapo halingoji kusahihishwa kesho. Kwa kazi ya namna hiyo wengi huisifu Ada, iliyobuniwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na ambayo ilitumika katika treni zisizo na dereva za njia ya 14 ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1998. Ada hudai upatanisho kama zidaivyo ngeli zetu. Mwandishi akitangaza kuwa namba hii ni aina ya mita na ile ni aina ya sekunde, kisha akazijumlisha, programu hukataliwa kabla haijaanza kazi, kama mwalimu akataavyo “kiti yangu”.

Lakini “kiti changu kimekula wali” ni sentensi yenye upatanisho kamili! Roketi ya Ariane 5, iliyoongozwa kwa programu ya Ada, ililipuka tarehe 4 Juni 1996, yapata sekunde 40 baada ya kuruka, kwa sababu ya namba iliyozidi nafasi iliyotengewa.

Huko Mikumi, barabara ya Morogoro na Iringa yakata hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, na wanyama hugongwa. Mtafiti atakaye kujua swala hufa wapi kwa wingi hajui swali lake la pili mpaka aone jibu la kwanza. Huyo yamfaa R, kazi ya Ross Ihaka na Robert Gentleman huko New Zealand: huandika mstari, hutazama mchoro, huandika mwingine. Programu ikikwama, amepoteza adhuhuri moja tu.

Hatari yake ni ukimya. R ikipewa orodha ya namba 12 na nyingine ya 6 izijumlishe, huirudia ile fupi mara mbili bila onyo lolote. Basi mtafiti na ahesabu urefu wa orodha zake kabla ya kuwaonyesha wahandisi mahali pa kujenga matuta.