Shahada ya Ugavi: Nini Kinachofundishwa, na Kinatuhusu Vipi



Siku hizi ukipita katika vyuo vya Kampala utakuta vijana wengi wanaosomea shahada ya ununuzi na ugavi. Katika Chuo cha Biashara cha Makerere kilichoko Nakawa, kilichoanzishwa mwaka 1997, masomo hayo huchukua miaka mitatu. Wengine huyaita usimamizi wa mnyororo wa ugavi. Wengi wetu tukisikia jina hilo hudhani ni mambo ya karani wa bohari, kuhesabu magunia na kutia sahihi. Sivyo. Ni elimu ya njia yote ya mali, tangu shambani hadi kwenye kikombe cha mnywaji chai, na sisi tumo ndani yake, tumeandikwa katika hesabu zao chini ya neno "gharama".

Wingi wa wanafunzi hao una sababu. Mwaka 2003 Uganda ilipitisha sheria ya ununuzi wa umma, na kila ofisi ya serikali ikatakiwa iwe na kitengo cha kazi hiyo. Mwaka 2007 jirani zetu wa Kenya na Tanzania walitunga sheria za kuwaandikisha wataalamu wa ununuzi na ugavi. Makampuni nayo yakafuata mtindo huo huo wa kudai vyeti. Matokeo yake mnayaona kazini: mzee aliyeshika funguo za bohari miaka ishirini, anayejua kila msumari ulipo, analetewa kijana wa juzi awe mkubwa wake. Malalamiko ya namna hiyo yanatufikia kila mwezi. Kumchukia kijana hakusaidii. Yafaa tujue alichosoma.

Binti wa dada yangu yuko mwaka wa pili katika masomo hayo. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilimwomba anifungulie madaftari yake, tukakaa jioni kadhaa akinieleza. "Mjomba," aliniambia, "mengi ya haya mnayafanya kila siku, ila hamjayapa majina."

Chukueni somo la kuagiza mali. Kiwanda kikiagiza kingi kwa mara moja, fedha inalala ghalani na panya wanashiba. Kikiagiza kidogo kidogo, gharama ya lori na makaratasi inarudiwa kila safari. Kanuni ya kupata kiasi kinachofaa ilitolewa mwaka 1913 na Mmarekani mmoja, Ford W. Harris. Tuseme kiwanda kinatumia mabunda 1,200 ya mifuko ya chai kwa mwaka, kila kuagiza kunagharimu shilingi 50,000, na kuhifadhi bunda moja mwaka mzima ni shilingi 3,000. Zidisha 1,200 kwa 50,000, kisha mara 2, halafu gawanya kwa 3,000. Utapata 40,000, na kipeuo chake cha pili ni 200. Basi agiza mabunda 200, mara sita kwa mwaka. Huyo Harris mwenyewe hakusoma chuo kikuu. Wale wanaotuambia kwamba hesabu za kampuni haziwezi kueleweka na mtu wa shule ya msingi wakumbuke hilo.

Wajapani wa Toyota walikwenda mbali zaidi, wakasema vipuri vifike saa ile ile vinapohitajiwa, ghala libaki karibu tupu. Ni akiba kubwa ya fedha, lakini Februari 1997 kiwanda kimoja kilichowatengenezea kipuri kidogo cha breki kiliungua, na viwanda vya Toyota karibu vyote nchini Japani vikasimama kwa siku kadhaa. Ghala likiwa tupu, kila mtu aliye njiani huwa na uzito wake, hata mpakiaji. Sikuona jambo hilo limesisitizwa sana katika madaftari.

Lakini somo lililonishika kuliko yote wanaliita mjeledi. Duka linauza makasha 10 ya sabuni kwa wiki. Wiki moja linauza 12. Mwenye duka anaogopa kupungukiwa, anaagiza 15. Muuzaji wa jumla anaona biashara imepamba moto, anaagiza 20. Kiwanda kinatengeneza 30, kinaajiri vibarua na kuweka zamu ya usiku. Baada ya mwezi maghala yamejaa, maagizo yanakatika, na vibarua wanaambiwa warudi makwao. Kumbe wanunuzi hawakupita makasha 12 hata siku moja! Profesa Jay Forrester wa Marekani aliandika juu ya mambo hayo mwaka 1961, na mpaka leo wanafunzi wanacheza mchezo wa kuagiza makasha ya bia ili wauone ugonjwa huo kwa macho yao. Dawa inayofundishwa ni kwamba wote walio njiani wapewe hesabu ya mauzo ya dukani, wasikisie.

Basi safari ijayo mkiitwa kuambiwa kwamba kazi imepungua, wajumbe wa tawi waombe hesabu za mauzo za miezi sita, si za maagizo peke yake. Mwajiri atashangaa mmelitoa wapi swali hilo.

Sasa tuje kwenye chai, maana wengi wenu ndiyo inayowalisha. Zinahitajika kilo nne hadi tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, na majani yaliyoshindiliwa gunia hupata joto na kuwa mekundu. Lori likichelewa, mali inaharibika ikiwa imekaa tu. Katika shamba moja majani yalipimwa shambani, yakangoja lori tangu asubuhi hadi alasiri, kisha kiwandani yakakatwa kilo kwa sababu ni mabovu, na kilo hizo zikatolewa katika malipo ya mchumaji. Daftari la binti yetu lilisema wazi kwamba kila mahali mali inapobadilisha mikono saa iandikwe, na hasara imwangukie aliyeishika wakati huo. Tulikwenda mezani na neno hilo hilo. Mazungumzo yalichukua vikao vitatu. Mwishowe karatasi ya mizani ikaongezwa safu mbili, saa ya kupima na saa lori lilipoondoka, na mchumaji hakatwi tena kwa majani yaliyokuwa mazuri shambani. Katika mashamba mengine bado tunavutana.

Na njia haiishii kiwandani. Chai ya Uganda, kama ile ya Rwanda na Burundi, husafiri kwenda kwenye mnada wa Mombasa, ambako mnada umekuwapo tangu 1969. Toka Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Madereva na wapakiaji wa njia hiyo wana vyama vyao, na saa zao za kungoja nazo zinaandikwa mahali fulani. Tumeanza kuandikiana nao barua.

Kuhusu kusoma: mwenye stashahada anaweza kuendelea na shahada, na aliyetimiza miaka 25 ana njia ya mtihani wa watu wazima, bila kupita kidato cha sita. Yako pia masomo ya jioni kwa walio kazini. Makarani wa bohari wanaotaka kuanza wapeleke majina kwa makatibu wa matawi, pamoja na vyeti walivyo navyo, hata kikiwa cha darasa la saba, ili tujue nani aanzie ngazi ipi.