Thor, Shango na Lile Jiwe la Radi

Filamu mpya ya Thor ikitoka tu, najua swali liko njiani. Huja likiwa limeshajijibu: "Mwalimu, Thor wa Wazungu na Shango wa Wayoruba si mungu yule yule, ila majina ndiyo mawili?" Nikisema hapana, simu inatolewa mfukoni. Picha ya kwanza ni shoka la jiwe, limesuguliwa likang'aa, linaenea kiganjani, limetoka Nigeria. Picha ya pili ni shoka jingine, ungedhani pacha wake, limetoka Denmark. Kote kuwili wenyeji walilihesabu kuwa jiwe la radi, yaani limeshuka na radi kutoka juu. "Haya, mwalimu, sema sasa."

Haya, nasema. Mawe ni ya kweli, picha ni za kweli, hoja ndiyo mbovu. Na kwa kuwa hoja yote imeegemea hilo jiwe, tuanze nalo, tena tusiharakishe, kwa sababu wapo wanaoniuliza pia litapatikana wapi ili waliweke darini likinge nyumba.

Jiwe hilo ni kifaa cha mkulima. Watu wa kwanza kulima Denmark, takriban mwaka 4000 kabla ya Kristo, walifyeka misitu kwa mashoka ya gumegume. Waliyapasua, kisha wakayasugua kwa mchanga na maji mpaka yakawa laini. Mengine yalivunjika, mengine yakapotea, mengine yakatupwa kwa makusudi kwenye vinamasi. Udongo ukayafunika. Ilipofika enzi ya Waviking, kuanzia karne ya 8, chuma kilikuwa kimeshatumika zaidi ya miaka elfu moja, na hapakuwa na babu wala bibi aliyekumbuka kwamba mtu aliwahi kukata mti kwa jiwe.

Sasa piga picha usiku wa mvua kubwa. Radi inapasua, maji yanateremka, udongo wa juu unachukuliwa. Asubuhi mwenye shamba anapita kukagua hasara, anaona kitu kinang'aa palipokuwa patupu jana. Hakina umbo la jiwe la kawaida, kina makali, na yeye hajui kiumbe yeyote atengenezaye kitu kama hicho. Atasema kimetoka wapi? Hakuwa mjinga. Alikosa habari moja tu.

Afrika Magharibi nako kulikuwa na mashoka ardhini, mafundi wa chuma waliokuwa wameshasahau jiwe, na mvua za kusomba udongo. Jibu likatoka lile lile. Likatoka Ugiriki, likatoka India, likatoka Japani. Haikulazimu mmoja amwazime mwenzake. Ukiwapa watu mtihani mmoja wenye kukosa taarifa ile ile, usishangae wakikosea mahali pamoja.

Wazungu wenyewe walichukua muda mrefu kuamka. Michele Mercati, aliyekuwa akitunza bustani ya mimea ya Vatikani katika karne ya 16, aliandika kwamba mawe hayo yalichongwa na watu wasiojua chuma. Alifariki 1593, na kitabu chake hakikuchapwa hadi 1717. Mnamo 1723 Antoine de Jussieu akawawekea wanasayansi wa Paris mashoka ya jinsi hiyo kutoka Amerika, ambako watu walikuwa bado wanajulikana kuyatumia, akawataka walinganishe. Hata baada ya hapo wakulima wa kaskazini waliendelea kuyafukia chini ya kizingiti na kuyapachika kwenye paa. Si mashoka tu. Huko Denmark hata visukuku vya urchini wa baharini, vijiwe vya mviringo vyenye nyota ya miale mitano mgongoni, viliitwa mawe ya radi na kuwekwa penye maziwa yasigande. Mnyama wa baharini aliyegeuka jiwe, shoka la mkata miti, vyote vikapewa jina moja. Hiyo ndiyo "silaha ya mungu" tunayoonyeshwa kwenye simu.

Je, radi inaacha chochote ardhini? Ndiyo. Ikipiga mchanga, joto lake, ambalo hufika nyuzi 30,000 hivi, huyeyusha mchanga ukawa bomba la kioo. Kwa nje linakwaruza kama mzizi, ndani lina tundu, na ukilishika vibaya linavunjika. Halikati mti na halifanani na shoka hata kidogo.

Kuhusu kukinga nyumba, Samuel Johnson, mchungaji na mwanahistoria wa Kiyoruba ambaye kitabu chake kilitoka 1921, alieleza jinsi wafuasi wa Shango walivyoivamia nyumba iliyopigwa na radi, wakachukua mali na kumtoza mwenyewe faini nzito. Jiwe nalo ilikuwa kazi ya makuhani wa Shango kulichimbua pale pale, na lilipatikana. Sisemi hayo kuikejeli dini ya mtu. Nasema uchumi wa radi ni wa zamani, na anayekuuzia jiwe leo anajua anachofanya.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi ya yote: hao wanaomtaja Thor hawajamsoma. Silaha yake katika masimulizi ya kale ni nyundo, nayo ni kazi ya karakana. Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeandika takriban mwaka 1220, anaeleza jinsi mbilikimo wawili walivyoifua: mmoja anavuta mivuo, mungu mjanja Loki anajigeuza nzi na kumng'ata kope, damu inamwingia machoni, anaachia mivuo kidogo amfukuze, na mpini unatoka mfupi. Hicho ni kisa cha wahunzi, watu waliojua moto ukipungua dakika moja nini kinaharibika. Mwanahistoria Saxo wa Denmark yeye anampa Thor rungu. Jiwe linalojulikana sana katika visa vyake ni lile alilorushiwa na adui: jitu Hrungnir linatupa kinoo kikubwa, nyundo inakipasua hewani, na kipande kimoja kinamkwama Thor kichwani. Kwa hiyo ukitafuta jiwe kwa Thor, litafute kwenye fuvu.

Waviking walivaa vinyundo vidogo shingoni, na tunavyo zaidi ya elfu moja. Kimoja kilichopatikana 2014 katika kisiwa cha Lolland kimechorwa herufi za kirune zisemazo, kwa ufupi wa kuchekesha, kwamba hii ni nyundo. Na katika Makumbusho ya Taifa ya Denmark kuna kalibu ya jiwe laini kutoka Trendgården, ya karne ya 10, yenye matundu ya kumiminia fedha: nyundo na misalaba, kipande kimoja cha jiwe. Ukristo unaingia, fundi anauza kwa wote. Kalibu hiyo inatufundisha juu ya Thor kuliko mashoka yote yanayozunguka kwenye simu.

Tukiliweka jiwe kando, kinachobaki cha kufananisha ni kidogo mno. Shango ni mfalme. Mapokeo ya Oyo, dola ya Wayoruba, yanamtaja miongoni mwa maalafin, yaani wafalme, waliotawala, kisha akawa mungu, na radi yake ni hukumu: humwangukia mwizi na mwongo. Thor si mfalme. Mtawala ni baba yake, Odin. Thor ni mlinzi wa nguvu nyingi na subira chache, anayekula ng'ombe mzima, na aliyewahi kuvalishwa shela la bibi harusi ili aipate nyundo yake iliyoibwa. Wakulima walimpenda kwa sababu nyingine kabisa: Adam wa Bremen, katika miaka ya 1070, anaandika kwamba pale Uppsala, Uswidi, sanamu yake ilikaa katikati, na kwamba yeye ndiye mwenye ngurumo, upepo, mvua na mazao.

Ndugu zake wa kweli wapo, lakini si Oyo. Ni Perkūnas wa Lithuania, ni Perun wa Waslavu, ambaye sanamu yake yenye kichwa cha fedha mtawala Vladimir aliisimamisha Kiev mwaka 980 na kuitupa mtoni 988, na kwa mbali ni Indra wa India. Hao wanahusiana kama lugha zao zinavyohusiana. Hata hapo tahadhari inahitajika. Indra anamuua joka Vritra, Thor anapigana na joka la baharini, lakini Baal wa Ugarit naye ana joka lake, na waabudu wake walikuwa Wasemiti.

Na anayedhani ngurumo lazima izae mwanamume mwenye silaha aje Afrika Mashariki. Mwingereza A. C. Hollis, katika kitabu chake cha 1905, aliandika simulizi ya Wamasai yenye miungu wawili. Mwekundu anataka kushuka kuwaangamiza watu, na mpasuko mkali wa karibu ni wake. Mweusi, mwenye huruma, anamzuia, na ule mngurumo wa chini unaotoka mbali ni sauti yake akisema waache. Ngurumo hapo ni mabishano, na wewe uliye chini unasikiliza nani anashinda. Hilo utalilinganisha na nyundo gani?

Yaliyobaki ni ya haraka. Ukitaka kulinganisha miungu, linganisha jina, kazi, kisa na tarehe. Kufanana kwa kitu kimoja hakutoshi. Ukitaka kumjua Thor, anza na Snorri. Filamu itazame kwa raha, ila mhusika wake alizaliwa kwenye majarida ya Marvel mwaka 1962, na Thor wa kale alikuwa na ndevu nyekundu. Ukiokota shoka la jiwe, usilioshe wala usiliuze: lipige picha lilipo, uliache, uwaarifu watu wa mambo ya kale au makumbusho. Ukitaka kuona mashoka ya mawe kwa wingi, ingawa ni ya kale zaidi na hayakusuguliwa, nenda Isimila karibu na Iringa au Olorgesailie nchini Kenya. Radi ikianza, ingia kwenye jengo imara au gari lenye paa la bati, ondoka chini ya mti, toka majini, na usirudi nje mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hesabu sekunde kati ya mwanga na sauti, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Kwa nyumba yenyewe kuna fimbo ya chuma juu ya paa na waya mnene unaoingia ardhini, kitu kilichojulikana tangu siku za Benjamin Franklin. Mwite fundi umeme anayeijua kazi hiyo, na mwambie apime udongo kabla hajachimba.