Mistari ya Baba kwenye Nguzo ya Kalavati

Baba alikuwa nyapara wa genge la reli hapa Gulwe. Kazi yao ilikuwa kubadilisha mataruma, kukaza bolti, kurudishia kokoto. Lakini ukimuuliza yeye, angekwambia ameajiriwa kuuchunga mto Kinyasungwe. Kiangazi ni mchanga mtupu, unavuka na ng'ombe wako kwato zikitimua vumbi. Kifuku kikiingia unashuka mwekundu na magogo, na ukikosa njia unajitengenezea nyingine, hata kama humo reli imelala.

Baba aliishia darasa la nne. Kwenye nguzo ya kalavati moja alipiga mistari ya rangi nyeupe, kila gharika kubwa na mstari wake. Maji yakigusa wa pili, treni isimame. Hiyo ndiyo iliyokuwa sayansi ya genge lao, na alipostaafu akaondoka nayo kichwani.

Mwishoni mwa 2009 hadi Januari 2010 mto uliing'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Mahali pengine tuta lilisombwa lote, reli na mataruma vikabaki vinaning'inia hewani kama ngazi. Treni zilikatika kwa miezi. Baadaye shirika la Japani, JICA, lilileta wataalamu wakapima: maji kiasi gani, mchanga kiasi gani, mto umehama wapi. Kazi nzuri, sina neno nayo. Ila swali lilinikaa. Reli hii ilijengwa na Wajerumani, ikafika Dodoma 1910. Miaka mia imepita, na bado anayeujua mto wetu kwa vipimo ni mgeni?

Msidhani aibu hii ya kutegemea wageni ni ya maskini peke yao. Mwaka 2021 viwanda vya magari vya Ulaya vilisimama kwa kukosa chipu, kidude kisichozidi ukucha, ambacho kwa sehemu kubwa hutengenezwa Asia. Wakubwa wa huko wakaanza kusema juu ya uhuru wa teknolojia, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya chipu, ikilenga kukusanya zaidi ya yuro bilioni 43, fedha za serikali na za kampuni.

Cha kutazama ni pale walipokuwa na nguvu tayari. Mjini Leuven, Ubelgiji, mwaka 1984 maprofesa wa chuo kikuu walisaidiwa na serikali ya jimbo lao kufungua maabara ya chipu iitwayo imec. Jirani yao Uholanzi iko kampuni ya ASML, ambayo peke yake duniani hutengeneza mashine za kuchora chipu ndogo kuliko zote, na hizo mashine zimejaribiwa miaka mingi pamoja na watu wa Leuven. Kwa hiyo Ulaya iliyokosa chipu ndiyo hiyohiyo inayouza mashine ambayo wenye chipu hawawezi kuikosa. Mbegu ilipandwa miaka karibu 40 kabla ya njaa. Hata hivyo, ahadi yao ya mwaka 2002 ya kutumia asilimia 3 ya pato kwa utafiti hawajaitimiza. Viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 1 mwaka 2006. Hapo naomba nipite haraka.

Sasa tuna SGR, reli ya kisasa. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na Gulwe tumepewa stesheni yenye vioo. Njia hii imejengwa na Yapı Merkezi ya Uturuki, vichwa vya treni vimetoka Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Mimi naipanda na ninaifurahia. Lakini genge la baba lilirekebisha reli kwa mtaimbo na nyundo. Treni ya sasa ikigoma, fundi huanza kwa kufungua kompyuta, na programu iliyomo ina mwenyewe. Vijana wetu wanasoma mambo ya reli katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Watafundishwa kuiendesha tu, au na kuifungua?

Kwamba tunaweza, nina ushahidi, tena wenye pembe. Mpwapwa, karibu tu na hapa, kuna kituo cha utafiti wa mifugo tangu 1905. Hapo walichanganya zebu wetu na Sahiwal na Red Sindhi wa bara Hindi, wakachagua na kuchagua tena, hadi akapatikana ng'ombe wa Mpwapwa, mwenye maziwa na nyama na anayestahimili ukame wetu. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamemchunguza. Huyo ng'ombe akiugua hatumpigii simu mwenye kiwanda.

Kifuku kilichopita walikuja wanafunzi watatu wa chuo kikuu, na kamba, ubao wa vipimo na simu. Niliwapeleka kwenye kalavati. Rangi imefifia, lakini binti mmoja alipiga magoti kwenye tope akaipangusa kwa kanga yake. Mistari minne. Aliniuliza mwaka wa kila mmoja. Mitatu nilimtajia. Wa juu kabisa baba hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kumuuliza. Binti akaandika urefu wake daftarini, akaacha nafasi ya mwaka wazi.