Mshikio Mwema ni Nusu ya Kazi

Wazee walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyebeba huuona mzigo kuwa mwepesi. Methali hii yawapasa hasa wale wanaobuni vyombo. Mtu akitengeneza ndoo, sanduku au mashine ambayo hataibeba yeye mwenyewe, ni rahisi kuusahau mkono wa yule atakayeibeba. Leo natutazame kitu kidogo tusichokijali sana, nacho ni mshikio. Tutaanza mbali kidogo, kwenye mashine za kompyuta, kisha tutarudi kisimani kwetu hapa Sola.

Kabati la mashine

Siku hizi watu wengi wa Maswa na Bariadi hupokea fedha kwa simu. M-Pesa ilianza katika Tanzania mwaka 2008, na sasa hata bibi kizee kijijini aijua. Lakini fedha hizo hazikai ndani ya simu. Hesabu zake hutunzwa katika kompyuta ziitwazo seva, nazo hupangwa ndani ya makabati ya chuma katika nyumba zenye ulinzi na ubaridi. Taifa letu nalo linayo nyumba ya namna hiyo, pale Kijitonyama, Dar es Salaam.

Upana wa mashine hizo umekubaliwa karibu duniani kote. Ni inchi 19, yaani kama sentimeta 48. Kila mashine huingizwa kabatini kama droo ya meza. Iliyo nyembamba ina kimo cha inchi 1 na robo tatu, ndiyo sentimeta 4 na kidogo. Twaa rula upime, utaona kwamba ngumi ya mtu haienei hapo. Na mashine zenyewe si nyepesi, maana nyingi hufika kilo 15, hata 30 na zaidi.

Basi, hapo pana taabu. Mshikio mkubwa ukitokeza mbele, mlango wa kabati haufungiki. Usipowekwa mshikio, fundi atashika nini? Ataing'ang'ania mashine kwa ncha za vidole, nayo ikimponyoka itamvunja mguu, na kazi ya watu wengi itasimama. Ndiyo sababu wabunifu walitengeneza mshikio wa kukunja, unaolala usipotumika na kuinuka unapohitajiwa.

Mshikio mwema wa namna hiyo una sifa nne. Kwanza, huonekana upesi. Makampuni mengine huupaka rangi ya buluu, fundi ajue bila kuuliza kwamba hapa ndipo pa kushika. Pili, hufunguka kwa kidole kimoja, maana mkono wa pili una kazi nyingine. Tatu, ukiisha kufunguka hutulia mahali pake, haurudi kubana vidole. Nne, hufanya kazi ya wenzo. Fundi anapoufunga, msukumo mdogo wa mkono huisukuma mashine nyuma hata plagi zake zikae sawasawa. Mshikio ukikataa kufungika, fundi hupata habari kwamba mashine haijafika mwisho. Kumbe mshikio waweza hata kusema!

Tena kuna onyo. Mishikio mingi ya mbele ni ya kuvutia mashine itoke kabatini, si ya kuibebea. Uzito wote hubebwa kwa kushika chini, tena na watu wawili. Kila mshikio una kazi yake na mpaka wake.

Sanduku la bati

Msidhani mambo haya ni ya mjini tu. Waliosoma shule za bweni wanalijua sanduku la bati. Lina mishikio ya kukunja pande mbili, ili masanduku yapate kupangwa pamoja bila kukwaruzana. Wazo ni lile lile la kabati la mashine. Lakini mara nyingi mshikio ule ni waya mwembamba usio na kizuizi. Ukiinua sanduku, waya hupinduka juu kabisa na kuvibana vidole kwenye bati. Dawa yake ni ndogo, nayo fundi bati aweza kuifanya kwa dakika chache. Apigilie kipande cha chuma juu ya bawaba, ili mshikio ukifika katikati usimame, usigonge ubavu wa sanduku.

Dumu nalo lina historia yake. Dumu la chuma la lita 20 lilibuniwa Ujerumani mwaka 1937 na mhandisi Vinzenz Grünvogel, kwa ajili ya petroli ya jeshi. Lilikuwa na mishikio mitatu juu. Anayebeba peke yake hushika ule wa katikati. Wakibeba wawili, kila mmoja hushika wa upande wake. Na madumu mawili matupu huweza kushikwa kwa mkono mmoja. Aliyelibuni alimkumbuka mbebaji kwanza. Madumu yetu ya plastiki mara nyingi yana mshikio mmoja tu, basi kusaidiana watu wawili kumekuwa kugumu.

Kisimani

Sasa tutazame ndoo ya mama. Maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Ndoo ikiwa mpya, katikati ya waya wake mna bomba la plastiki. Bomba likipasuka, hubaki waya wa milimita 4. Kilo zote 20 hulalia uzi huo mwembamba, nao hukata kiganja kama kisu. Watoto hubadili mikono kila hatua kumi, maji yanamwagika, nao wakifika nyumbani hugombezwa kwa uvivu. Si uvivu, ndugu zangu! Ni waya.

Baba wa nyumba, kazi hii ni yako, nayo haikugharimu shilingi. Tafuta kipande cha mti mkavu, chenye urefu wa sentimeta 12 ili vidole vinne vienee, na unene kati ya sentimeta 3 na 4. Kipasue kwa urefu, chimba mfereji wa waya katikati, vifunge vipande viwili kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kisha ulainishe kwa msasa. Mti wa milimita 32 una upana mara nane ya ule waya. Uzito ni ule ule, lakini mahali pa kuulalia pamepanuka mara nane.

Kagua pia masikio ya ndoo, pale waya unapoingia. Sikio lililopasuka lisingoje kukatika njiani, hasa kama ndoo hutumika kubebea uji wa moto. Dumu likiwa na ukingo mkali kwenye mshikio, ukwangue kwa kisu. Na mtoto mdogo apewe ndoo ya lita 5, si ya mama yake.

Wakristo wapenzi, Bwana Yesu aliwakemea wakubwa waliowatwika watu mizigo mizito, na wao wenyewe wasiiguse hata kidogo. Yeye mwenyewe alikua nyumbani mwa seremala. Mwaka 1955 Papa Pius wa 12 aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, tukumbuke kwamba kazi ya mikono ina heshima mbele ya Mungu. Seremala mwema hulainisha hata mahali pasipoonekana, kwa sababu anaujua mkono utakaopashika.

Basi, jioni ya leo baba aichukue ndoo ya nyumbani, aijaze maji, aibebe mwenyewe kutoka kisimani hata mlangoni. Akiisha kufika, atajua la kufanya kabla ya Jumapili.