Tukutane kwa Kimathi, lakini soma majina kwanza

“Uko wapi?” “Niko hapa kwa Kimathi, kuja haraka!”

Kwa wengi wetu tunaozurura tao, sanamu ni mahali pa kungojana. Unapiga selfie, rafiki anafika, mnaenda zenu. Jumamosi moja jaribu kwenda polepole. Zote nne zilizo hapa chini unazifikia kwa miguu, bila kupanda matatu.

Anzia Kenyatta Avenue, kwenye sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928. Zinawakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi walibeba risasi na chakula cha jeshi. Maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na humo ndimo lilimotoka jina Kariokor. Maandishi utayakuta, hata ya Kiswahili. Lakini jina la mpagazi hata mmoja hulioni.

Ukitoka hapo, ingia Kimathi Street. Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti mnamo Februari 18, 1957 na kuzikwa humo humo. Sanamu yake ilizinduliwa siku kama hiyo mwaka 2007, miaka 50 baadaye. Familia haijawahi kukabidhiwa mabaki yake, kwa hivyo hapo unaposimama kungojea mtu ndipo penye kumbukumbu ambayo kaburi halijaweza kuwa.

Vuka hadi Moi Avenue umwone Tom Mboya. Alipigwa risasi Julai 5, 1969 kwenye barabara hii hii, wakati huo ikiitwa Government Road. Alikuwa na umri wa miaka 38 pekee, na tayari alikuwa amesaidia mamia ya vijana kwenda kusoma Marekani. Sanamu yake ilizinduliwa Oktoba 2011.

Fuata Moi Avenue hadi inapokutana na Haile Selassie. Hapa palikuwa na ubalozi wa Marekani uliolipuliwa Agosti 7, 1998. Watu 213 waliuawa jijini siku hiyo. Wengi walikuwa raia wa kawaida: makarani, wanafunzi, wapita njia. Leo ni bustani tulivu yenye ukuta wa majina. Usipige picha ukaondoka. Soma hata kumi tu, kwa sauti ya chini.

Ndipo utakapoelewa kilichokosekana kule ulikoanzia. Bila jina, mtu hubaki hesabu, na hesabu husahaulika haraka.

Kwa hivyo ukifika nyumbani, mpigie nyanya au babu simu. Uliza kama kuna mtu wa ukoo wenu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi. Jina ambalo halipo Kenyatta Avenue huenda bado liko kwenu. Huenda hata ndilo unaloitwa.