Je, Mtihani Hupima Akili ya Kabila?

Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, watu huanza kuhesabu: watoto wa kabila gani wamefaulu, wa dini gani wamebaki nyuma, wasichana wangapi, wavulana wangapi. Kuhesabu huko si vibaya, kwani asiyejua pengo lilipo hawezi kuliziba. Ubaya huja pale mtu anapoisoma hesabu hiyo kana kwamba ni hukumu, akasema: "Watu hawa ndivyo walivyoumbwa, elimu si yao." Maneno haya husemwa na wengine juu yetu, na la kuhuzunisha zaidi ni kwamba mara nyingine husemwa na wazee wenyewe mbele ya watoto wao.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za Waislamu wenzetu wa mji wa London, ambao waliambiwa maneno kama hayo, kisha mambo yakageuka katika muda wa kizazi kimoja.

Walivyokuwa mwanzo

Mashariki ya London uko mtaa uitwao Tower Hamlets. Humo wameishi kwa miaka mingi watu waliotoka Bangladesh, wengi wao kutoka nchi ya Sylhet, na karibu wote ni Waislamu. Waliotangulia walikuwa mabaharia wa meli za Kiingereza. Waliofuata walikuwa wafanyakazi wa viwanda, mafundi cherehani na wapishi wa mikahawa. Wake zao na watoto waliwafuata kwa wingi katika miaka ya 1970 na 1980. Walikaa katika nyumba finyu, na watoto wengi waliingia shuleni wakijua Kisylheti tu, ilhali masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Hata nafasi zilikuwa haba: mwishoni mwa miaka ya 1980 mamia ya watoto wa mtaa huo walikaa nyumbani kwa kukosa shule ya kuwapokea.

Mwaka 1985 tume ya serikali iliyoongozwa na Lord Swann ilitoa taarifa juu ya elimu ya watoto wa makabila madogo ya Uingereza. Ilionekana kwamba watoto wenye asili ya Asia kwa jumla walikwenda sambamba na Waingereza wenzao katika mitihani, isipokuwa kundi moja lililobaki nyuma mno, nalo ni la Wabangladesh. Tume ilichunguza pia dai la kwamba tofauti hizi zatokana na akili za kuzaliwa, ikaona kuwa si sababu ya maana.

Lakini pengo halikuzibika kwa taarifa peke yake. Mwaka 1997 mamlaka za elimu zote za nchi hiyo zilipopangwa kwa matokeo ya shule zao, Tower Hamlets ilikuwa ya 149 katika 149. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Yaliyotokea baadaye

Sasa na tuitazame hesabu ya mwaka 2013. Katika mtihani wa GCSE, unaofanywa na vijana wa miaka 16, kipimo kilichotumika wakati huo kilikuwa kupata alama nzuri katika masomo matano, Kiingereza na hisabati yakiwamo. Katika kila Wabangladesh 100 wa Uingereza, kiasi cha 64 walikifikia. Katika kila Waingereza weupe 100, kiasi cha 60. Na Tower Hamlets, ile iliyokuwa mkiani, ilikwisha kuupita wastani wa nchi nzima.

Ni kitu gani kilichobadilika? Damu ya watu haibadiliki kwa miaka kumi na sita. Dini yao ilikuwa ile ile. Wala utajiri haukuwashukia, kwani Tower Hamlets iliendelea kuwa miongoni mwa mitaa yenye watoto masikini wengi kuliko yote nchini.

Wachunguzi wamebishana juu ya uzito wa kila sababu, lakini haya yajulikana. Kwanza, fedha: shule za mtaa huo zilipewa fungu kubwa kwa kila mwanafunzi kuliko karibu shule zote za nchi. Pili, walimu: wakuu wa elimu wa mtaa, akiwamo Bi Christine Gilbert aliyekuwa mkurugenzi, walikataa kuupokea umasikini kuwa udhuru, wakaziwekea shule shabaha za juu na kuzifuatilia. Tangu mwaka 2003 mpango wa serikali wa kuinua shule za London nzima nao ulisaidia. Tatu, lugha: watoto walisaidiwa Kiingereza mapema, na wachunguzi wameona kwamba sehemu kubwa ya maendeleo ya London ilikwisha kuanza katika shule za msingi, kabla watoto hawajafika katika mtihani mkubwa.

Nne ni jambo linalotuhusu sana sisi wenye nyumba. Wazazi wengi walikuwa na desturi ya kuwachukua watoto kwenda Bangladesh kwa majuma mengi katikati ya masomo. Baraza la mtaa na shule zilikwenda kwa maimamu, nao wakakubali kuwahimiza wazazi kwamba mtoto asikose siku zake za shule. Msikiti na shule vilishikana mikono, na mahudhurio yakapanda.

Tusiingie katika kosa lile lile

Yupo atakayesoma habari hii akajivuna, akasema: "Kumbe sisi ndio wenye akili!" Huko ni kulirudia kosa lile lile kwa upande wa pili. Mwaka huo huo wa 2013, katika kila watoto 100 wa Waingereza weupe waliokuwa wakipata chakula cha bure shuleni kwa ajili ya umasikini, kiasi cha 32 tu walikifikia kipimo kile. Nao si wajinga wa kuzaliwa. Ni watoto ambao mipango ya wakubwa haijawafikia inavyopasa, na wapaswa kuonewa huruma ile ile tuliyoitaka kwa watoto wetu.

Wala kufaulu mtihani si mwisho wa safari. Mwaka 2016 tume ya serikali ya Uingereza ilionyesha kuwa vijana wa Kibangladesh na Kipakistani, hasa wanawake, walikuwa hawajapata kazi na mishahara inayolingana na elimu yao. Pengo lililozibwa darasani lilibaki wazi katika maofisi.

Basi, ewe mzazi, mtoto akileta alama mbaya, usimwambie kwamba ukoo wenu hausomi. Uliza kwanza: je, amehudhuria siku zote? Je, ailewa lugha anayofundishwa? Je, anayo nafasi na taa ya kusomea usiku? Je, mwalimu wake anamtarajia kufaulu? Na ukiona kwamba shule yenu imenyimwa walimu au vitabu, usinyamaze. Nenda pamoja na wazazi wenzako mkadai haki hiyo kwa adabu na bila ya kuchoka, kwani hata wale wa Tower Hamlets hawakufika kwa juhudi za nyumbani peke yake.

Nawe kijana, karatasi ya matokeo hueleza ulichokijua siku ile. Haielezi utakachokijua mwakani, wala haina habari za babu zako. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuwalea watoto wetu, na watoto wa jirani zetu, katika elimu yenye manufaa. Amin.