Ng'ombe Mwenye Jicho la Taa

Watoto wa Mlali, katika wilaya ya Kongwa, hujua tangu udogoni kufinyanga ng'ombe wa udongo na kuunda motokaa za mabua ya mtama. Siku hizi ng'ombe wa namna hiyo aweza kupewa jicho liwakalo.

Mwaka 2011 AnnMarie Thomas, mwalimu wa Chuo Kikuu cha St. Thomas katika Minnesota, nchi ya Marekani, alionyesha hadharani namna watoto wawezavyo kujenga njia ya umeme kwa madonge ya unga. Madonge hayo ni ya namna mbili, kila moja na rangi yake. La kwanza ni la unga wa ngano, maji, mafuta kidogo, chumvi nyingi na maji ya ndimu, nalo hupikwa mpaka lishikamane. La pili hutiwa sukari mahali pa chumvi, wala halipikwi.

Sababu yake ni hii. Chumvi ikiyeyuka majini hugawanyika kuwa chembe ndogo sana zichukuazo umeme. Sukari nayo huyeyuka, lakini chembe zake hazichukui umeme. Basi donge la chumvi ni njia, na donge la sukari ni ukuta.

Nusu mbili za ng'ombe hufinyangwa kwa donge la chumvi, na katikati hutiwa donge la sukari. Betri nne za kurunzi hupangwa mfululizo, zipate volti 6. Waya zake mbili huchomekwa, kila moja katika nusu yake. Kisha taa ndogo yenye miguu miwili, kama zile za kurunzi za siku hizi, huwekwa mguu mmoja huku na mmoja huku. Mguu mrefu huwa upande wa waya utokao penye alama ya kujumlisha. Hapo jicho huwaka.

Lakini ubora wa kichezeo haujulikani mpaka kitiwe mikononi mwa watoto wadogo. Mwenye kukijaribu huwaita watoto wawili watatu, huwapa vitu, kisha hunyamaza na kutazama. Mtoto akizibana nusu mbili zikagusana, taa huzimika, maana umeme hufuata njia nyepesi na kuiacha taa. Wengi wakikosea hapo, kosa ni la kichezeo: ukuta ni mwembamba, unenepeshwe. Wakiigeuza taa, uzi mwekundu ufungwe penye mguu mrefu. Yafaa kubadili jambo moja tu kila mara, ili ijulikane ni lipi lililosaidia.

Hapana budi mtu mzima awepo, kwa kuwa mtoto mdogo hujaribu kila kitu kwa kinywa. Betri bapa zilizo kama kifungo zisitumiwe kamwe. Moja ikimezwa na kukwama kooni, yaweza kuunguza koo kwa muda wa saa mbili, na watoto wamekwisha kufa kwa ajili yake. Akidhaniwa mtoto kuimeza, apelekwe hospitali mara moja. Taa isigusishwe betri yenyewe, wala waya zisitiwe katika umeme wa nyumba.

Watoto wakiisha kuliwasha jicho wenyewe, pasipo kuambiwa neno wala kupata madhara, kichezeo kimefaulu.